Mtandao Haukufungwa, Nilifungwa Mimi

Walisema sitaweza.

Walisema hivyo Elburgon nzima, kuanzia pale malori ya mbao yanapogeuzia hadi mlangoni mwa kanisa. Walisema watu wa Uarabuni hurudi na vitu viwili tu, blanketi zito na simu kubwa, na baada ya miezi michache huviuza vyote... simu kwanza, blanketi baadaye! Walisema diploma yangu itafungia mandazi. Muuza makaa mmoja aliyenijua tangu nikitembea bila viatu aliniambia mbele ya watu, "Wekesa, wewe utarudi kulala kwa mathe yako."

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka thelathini na minane. Nina mke, binti mmoja, na diploma ya useremala na ujenzi niliyoilipia mwenyewe kwa kupakia mbao kwenye malori. Sikusukumwa na mjomba wala mbunge. Kila nilicho nacho nilikichonga kwa mikono hii miwili. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba aliyepatwa na mkasa huu si mjinga.

Au labda ni mjinga... Mtaamua wenyewe.

Baba yangu alitoka magharibi akiwa kijana kuja kufanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao. Tulikaa nyumba za laini, zile za wafanyakazi zilizopangwa kama mabehewa ya treni. Mlango wa pili ulikuwa wa kina Amosi. Mimi na Amosi tulikula sahani moja, tulichapwa kwa kosa moja, na mama zetu waliketi kanisani kwenye benchi moja. Nilipopata kazi Uarabuni nilimfanyia mpango naye akaja. Tulipewa chumba kimoja. Yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Kitanda chenyewe kilikuwa cha chuma, na Amosi akigeuka tu kilikuwa kinalia kama mbwa aliyekanyagwa! Ndani ya chumba kile niliapa kwamba nikirudi nyumbani nitatengeneza kitanda kisicholia.

Kuna jambo lingine mnapaswa kujua kuhusu nchi ile. Serikali yao ilikuwa imefunga simu za video za mtandaoni. Mtu alikuwa na simu nzuri mkononi na hawezi kuiona sura ya mtoto wake! Nani aliyetafuta njia ya kupita? Mimi. Nilijifundisha kutumia programu ya kuificha simu, ionekane kama iko nchi nyingine. Wanaume wazima walikuwa wakipanga foleni mlangoni kwetu. Wakaniita Daktari. Amosi alikuwa akiwaambia, "Subirini, Daktari anakula."

Sifa hizo ziliniingia... na hazikutoka hadi ziliponiangamiza.

Nilirudi nyumbani, Amosi akabaki. Nikafungua karakana kando ya barabara. Nilikuwa nimetoka mlinzi wa getini hadi kuwa fundi katika kiwanda cha samani huko Uarabuni, kwa hiyo viungo vyangu vya mbao hamvipati kwa fundi mwingine hapa. Lakini wateja walikuwa wapi? Walipita, wakatazama, wakauliza bei, wakaenda.

Ndipo nikaingia kwenye ule mtandao wa video fupi, ule wa wageni ambao kila mtu anaujua. Nilitengeneza kitanda cha ghorofa cha mbao za sipresi. Nikapandisha magunia mawili ya viazi juu yake, nikapanda na mimi mwenyewe, nikaruka! Kisha nikateremsha kipaza sauti hadi mguuni mwa kitanda na kusema, "Sikiza! Kitanda cha Wekesa hakilii!"

Ndugu zangu, dunia iliitikia. Oda zilitoka Nakuru mjini, Molo, Naivasha, Keringet. Shule za bweni zikanipigia. Watoto barabarani waliacha kuniita jina langu, wakawa wananipigia kelele, "Hakilii!" Nilimjengea mama nyumba yenye sakafu ya mbao. Nilinunua pikapu. Muuza makaa yule yule alikuja kuagiza kitanda, nami nikamwambia asubiri zamu yake kama wengine. Mniambie nyinyi, singefurahi?

Kisha ukaja mjadala.

Mtu alipeleka ombi Bungeni kwamba mtandao ule upigwe marufuku, na nchi ikagawanyika. Mhubiri wetu alisema ni tanuri la uchafu. Kwenye buchari wengine walisema wageni wanachota habari zetu zote na hatujui wanazipeleka wapi. Vijana nao walisema hii ndiyo kazi pekee waliyoipata bila kumjua mtu. Redio asubuhi hadi jioni ni hiyo tu, utafungwa, hautafungwa, utafungwa, hautafungwa!

Kilipoitishwa kikao cha kukusanya maoni ya wananchi katika ukumbi mmoja Nakuru, nilivaa suti yangu ya Uarabuni nikaenda. Mama mmoja alisimama akasema binti yake wa shule ya msingi alikuwa akitumiwa ujumbe na wanaume wazima. Alijaribu kulalamika kwa wenye mtandao akajibiwa na mashine. "Wako ng'ambo," alisema. "Hata mlango wa kubisha sina."

Mimi nikachukua kipaza sauti. Nikamjibu, "Mama, funga simu ya mtoto, usifunge karakana yangu!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ningeketi hapo ningekuwa salama... lakini nani angeketi akipigiwa makofi hivyo? Nikaongeza, "Na hata mkifunga, mimi mtanipata wapi? Nimeishi nchi iliyofungwa na nikapita! Wenzangu wananiita Daktari!"

Watu walicheka, wakanirekodi. Video hiyo ilitazamwa hata na Amosi kule aliko.

Wiki zilizofuata uvumi ulizidi. Mara mtandao unazimwa mwisho wa mwezi, mara Jumatatu, mara kuna waraka umeshatiwa sahihi. Mke wangu Rispa, ambaye huongea mara chache lakini hapotezi neno, aliniuliza, "Baba Neema, ni nani hasa amesema unafungwa?"

Nikamwambia redio.

"Redio imesema watu wanajadili," akajibu. "Kujadili ni kufunga?"

Nikamwambia yeye hajawahi kukaa Uarabuni, hajui serikali zinavyofanya. Akarudi jikoni.

Na mama yangu je? Mama alisikia neno moja tu, kufunga. Alikuja karakana akitweta, amebeba mfuko. Ndani kulikuwa na sabuni, mafuta ya kujipaka, na sweta ya sufu ya rangi ya machungwa aliyokuwa ameifuma mwenyewe. Mafundi wote wakasimamisha randa.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Wanasema watakufunga, baba. Huko ndani kuna baridi. Sakafu yao si ya mbao."

"Mama! Ni mtandao ndio utafungwa, si mimi!"

"Na mtandao ni nani kama si wewe? Si hata kanisani wanakuita Wekesa wa mtandao?"

Mafundi walicheka hadi wakakalia vumbi la mbao. Mimi pia nilicheka. Nilimrudisha nyumbani kwa pikapu na mfuko wake, nikimweleza njia nzima tofauti ya kufunga mtandao na kufunga mtu. Alinisikiliza kwa heshima. Alipofika aliitundika ile sweta nyuma ya mlango wake.

Lakini hofu ya mama ilinichoma. Na hapo, wasomaji wangu, akili yangu iliyozoea sifa ikaniletea wazo. Nilijiambia kwamba serikali ikifunga, itafunga akaunti zilizosajiliwa kwa nambari za Kenya. Akaunti yangu ikiwa kwenye nambari ya Uarabuni, nani ataigusa? Hakuna aliyeniambia hivyo. Sikuuliza mtu. Kwa nini niulize, na mimi ndiye Daktari?

Nikampigia Amosi. Hakunishawishi, siwezi kumsingizia. Alicheka kile kicheko chake cha kitanda cha juu. "Daktari ni wewe," alisema. "Ukisema itapita, itapita. Laini yangu iko hapa."

Nilihamisha akaunti yangu kwenye laini yake. Nambari ya kuthibitisha ilipoingia kwa simu yake alinisomea, nami nikaibonyeza kwa kidole changu hiki! Nikampa na neno la siri, eti ili akiona kizuizi huko anisaidie haraka. Tulizaliwa laini moja... akaja kunimaliza kwa laini nyingine.

Majuma machache yalipita kwa amani. Nilikuwa nikiwacheka wafanyabiashara wenzangu waliokuwa wakihangaika.

Kisha asubuhi moja nikafungua simu ili nirushe video ya kitanda kipya. Ikaniuliza neno la siri. Nikaliandika. Ikakataa. Nikaliandika tena, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma... ikakataa!

Nilichukua simu ya Rispa. Akaunti ilikuwepo. Sura yangu ilikuwepo, magunia ya viazi yalikuwepo, "Hakilii!" ilikuwepo. Lakini juu kabisa kulikuwa na tangazo jipya. Wekesa anatoa bei ya huruma kwa wazazi wa shule za bweni, lipa kwanza, kitanda kinafuata. Na nambari ya kulipia haikuwa yangu.

Nilimpigia Amosi mpaka simu ikawa moto. Aliinua mara moja tu. Hakukana, wala hakuomba msamaha. Alisema, "Daktari, wewe umeshajenga. Mimi bado nalala juu ya watu. Na si wewe mwenyewe uliyenipa?" Akakata. Nilipojaribu tena nikakuta amenifungia.

Niliwaandikia wenye mtandao. Nikaandika kwa Kiswahili, nikaandika kwa Kiingereza changu cha diploma. Nilijibiwa na mashine. Ilinishukuru kwa kuwasiliana nao, ikanishauri nithibitishe kupitia nambari iliyosajiliwa... nambari ya Amosi! Nilimkumbuka yule mama wa ukumbini. Mlango wa kubisha ulikuwa wapi? Ofisi ilikuwa wapi? Nani aliyekuwa akinicheka sasa?

Siku za kushikwa na polisi, mbaya zaidi ni Ijumaa jioni, kwa sababu mahakama hufunguliwa Jumatatu. Mimi nilishikwa Ijumaa jioni.

Walikuja na wateja watatu. Aliyewaongoza alikuwa mzee mmoja wa Kariandusi, mchimbaji wa yale mawe meupe, vumbi limeganda hata kwenye nyusi. Alikuwa amelipia kitanda cha wajukuu wake. Nilimweleza habari za Amosi, laini, Uarabuni. Alinitazama kwa subira kisha akasema, "Boss, sura ni yako. Sauti ni yako. Kitanda ni chako. Ulitaka nimlipe nani mwingine?"

Afisa alikuwa ameshika simu inayocheza video yangu, na nilipokuwa nikiingizwa garini sauti yangu mwenyewe ilikuwa ikipiga kelele nyuma yangu, "Kitanda cha Wekesa hakilii!" Barabara nzima ilikuwa imesimama. Muuza makaa alikuwepo. Alitikisa kichwa tu, na hilo liliniuma kuliko pingu.

Gari halijaondoka, mama akafika mbio, pekupeku. Hakulia. Hakunikumbusha lolote. Alipitisha ile sweta ya rangi ya machungwa kwenye nafasi ya mlango akaniwekea magotini.

Sakafu ya seli haikuwa ya mbao. Niliivaa sweta. Asubuhi kijana mmoja aliyekuwa amejikunja kwenye kona aliniuliza, "Niaje, mzee. Wewe uko ndani juu ya nini?"

Nikamwambia, "Mtandao."

Akainuka. "Ai! Kwani walifunga?"

"Hapana," nikamjibu. "Haukufungwa."

Na ni kweli. Mpaka leo ninapoandika haya haujafungwa. Waliujadili, wakaahidi kuuwekea masharti, wakaenda kwa mambo mengine. Niliikimbia mvua ambayo haikuwahi kunyesha, nikajitumbukiza kisimani!

Niliachiliwa Jumatatu baada ya Rispa kusimama kaunta ya kituo na kuwaonyesha kwamba nambari ya malipo haikuwa yangu wala ya mtu wa nyumba yangu. Ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu wasiyempata. Afisa akaniambia sasa mimi si mshukiwa tena, ni mlalamishi, niandikishe taarifa. Niliandikisha. Bado nasubiri.

Lakini je, nani angewatangazia watu wote kwamba Wekesa si mwizi? Wenye oda walizifuta. Shule ziliacha kupokea simu zangu. Akaunti ile iliendelea kuwatapeli watu kwa mdomo wangu, kila siku mtu mpya anafika karakana ameshika simu, akitaka kitanda alicholipia.

Hapo ndipo nilipoamua jambo ambalo Rispa aliliona wazimu. Kila aliyelipa akidhani ananilipa mimi, atapata kitanda chake.

"Baba Neema, hela zao hazikukufikia hata moja!"

"Jina langu ndilo liliwafikia," nikamwambia.

Hakunisemesha kwa muda mrefu. Alikuwa na haki. Niliuza pikapu. Niliuza suti. Niliuza mashine niliyoileta kutoka Uarabuni, nikarudia msumeno wa mkono kama baba yangu. Mafundi waliondoka kwa sababu sikuwa na cha kuwalipa. Mwenye mbao alinikopesha kwa kuwa alimjua baba, na mwenye lori alinibebea vitanda kwa ahadi tu. Sikuchonga kitanda kimoja vibaya! Hata kwa hasira, viungo vyangu vilikuwa viungo.

Siku moja Mama Amosi aliingia karakana. Tangu mkasa utokee alikuwa amehama benchi kanisani. Sikumsalimu. Alikaa kwenye gogo, akaokota karatasi ya msasa, akaanza kusugua mguu wa kitanda. Alisugua mpaka jua likageuka, akaondoka. Kesho yake akarudi. Sikumshukuru. Sikumfukuza. Kosa halikuwa lake, lakini moyo wangu haukuwa na nafasi, na sitawadanganya kwamba una nafasi leo. Mwanawe ananitazama kwenye skrini kwa sura yangu mwenyewe! Mnataka nifanyeje?

Ndugu msomaji, kama nawe unakula kwa mtandao, nakusihi. Usiikimbie sheria ambayo haijaandikwa. Uliza iko wapi, nani ameitia sahihi, inaanza lini. Usimpe mtu neno lako la siri, hata kama mlinyonya titi moja. Usiweke wateja wako wote mahali ambapo mwenye nyumba humjui na mlango wake huujui. Na ukipigiwa makofi ukumbini, tafadhali... keti!

Bado nasema mtandao usifungwe. Niliyosema Nakuru kuhusu kazi za vijana nayarudia leo. Lakini yule mama alisema kweli kuhusu mlango, na laiti ningemjua angekuwa wa kwanza kusikia hivyo kutoka kwangu.

Niliwalipa mmoja mmoja, hadi watu wakaonyana na wapya wakaacha kuja. Mwenye mbao alipata chake, mwenye lori akapata chake. Kitanda cha mwisho kilikuwa cha Kariandusi.

Upepo wa huko ulikuwa mkali, nami nilikuwa nimevaa ile sweta. Niliunganisha kitanda mbele ya nyumba ya mzee, majirani wametuzunguka, vumbi jeupe limetanda kila mahali. Mzee alivua viatu, akapanda juu kabisa na uzito wake wote, akajigeuza huku na huku. Akateremka, akaweka sikio kwenye mguu wa kitanda huku mjukuu wake akirukaruka juu. Alisikiliza kwa muda mrefu.

Jirani mmoja alikuwa ameshatoa simu. Alitazama skrini, akanitazama, akatazama skrini tena. "Mzee, huyu si yule mwizi wa kwa video?"

Mzee alisimama, akajipangusa magoti.

"Hapana," alisema. "Yule ni wa kwa video. Huyu ndiye Wekesa."